Uliishia Ukurasa wa Ngapi?

Watu wanaonitazama nikizungumzia vitabu hawabishani nami sana kuhusu vitabu. Wanabishana nami kuhusu namna ninavyosoma. Nasoma haraka mno. Nakunja pembe za kurasa na kuandika pembeni kwa penseli, kana kwamba kitabu ni daftari la madeni ya duka. Nasoma vitabu vitatu kwa wakati mmoja, na kimojawapo huwa kipo jikoni kikipata madoa ya mafuta. Naruka maelezo ya milima na machweo. Nawapendelea waandishi wa kike, hapana, nawaonea. Mtu mmoja alitaka kujua mwanamke anayemaliza vitabu vinne kwa mwezi anapika saa ngapi. Huyo sikumjibu na sitamjibu hapa.

Nazungumza mbele ya simu kila Jumapili jioni, dakika sita au saba, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba ninayopanga Karatu, kabla mbwa wa jirani hawajaanza kubweka. Hainilipi chochote. Mshahara wangu unatoka kwenye loji moja kando ya barabara iendayo Ngorongoro, ambako nakaa mapokezi. Nalitaja hilo kwa sababu linahusika.

Lawama nyingi naziacha zipite. Kukunja ukurasa ni jambo kati yangu na kitabu nilichokinunua. Ipo moja tu ambayo siwezi kuipuuza: kwamba naacha vitabu njiani, kisha navizungumzia. Mzee mmoja, ambaye kwa Kiswahili chake nadhani aliwahi kuwa mwalimu, aliliweka hivi: "Binti yangu, mtu hasimami mlangoni akatoa habari za chumbani." Nililifikiria neno hilo kwa majuma kadhaa, labda kwa kuwa mimi ni mtu wa mlangoni kwa ajira.

Huku kwetu tunaishi kwa kuhukumiwa na watu wa usiku mmoja. Mgeni anafika saa moja jioni ametoka Manyara au Serengeti, vumbi hadi kwenye nyusi. Anaoga, anakula, analala. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ameshashika boksi lake la chakula, gari linaunguruma, wanawahi lango la Lodoare ili washuke kreta mapema. Chini kule kuna eneo la kilomita za mraba zipatazo 260, limezungukwa na kuta zenye kimo cha karibu mita 600, na yeye atazunguka humo nusu siku kisha atarudi Arusha. Kabla ya wiki kwisha ameshaandika: kuhusu kreta, kuhusu simba, kuhusu dereva, kuhusu supu yetu. Kwetu amekaa saa kumi, na saba kati ya hizo alikuwa amefumba macho.

Wengi wao ni waungwana, na maneno yao mema yamewapa watu ajira. Lakini namkumbuka mhudumu mmoja wa usiku. Ilikuwa Aprili, masika imekolea, kuni zimelowa, na maji ya kuoga ya vyumba vya juu hupashwa kwenye pipa linalochochewa kuni. Mgeni akaoga maji ya baridi. Akaandika kwamba nyumba haina maji ya moto, na akamtaja mhudumu kwa jina kuwa ni mzembe. Mwisho wa mwezi jina la kijana halikuwepo kwenye karatasi ya zamu. Ana watoto wawili. Siku hizi anabeba vitunguu Mang'ola.

Mgeni yule hakusema uongo. Maji yalikuwa ya baridi kweli. Ila hakusema kwamba alilala usiku mmoja tu, na kwamba ulikuwa usiku wa mvua iliyozima hata umeme. Angelisema hilo, aliyesoma maneno yake angeweza kupima mwenyewe. Yeye aliuchukua usiku mmoja akaufanya kuwa tabia ya nyumba.

Kwa hiyo mzee wangu ana hoja, na uchungu wa hoja hiyo naujua pengine kuliko yeye. Tunachotofautiana ni mahali lilipo kosa. Yeye analiona kwenye ufupi wa kukaa. Mimi nasema kosa ni kuuficha ufupi huo.

Kwenye ukumbi wa loji kuna rafu ya vitabu vilivyoachwa na wageni. Vya Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kifaransa kidogo. Huko ndiko ninakopata sehemu kubwa ya vitabu vyangu, maana mjini Karatu ukiulizia kitabu utaelekezwa steshenari, na steshenari kuna vitabu vya kiada, Biblia na kalamu. Maktaba ya mkoa iko Arusha, kilomita kama 140. Vingi kwenye rafu ile vina alama ya mahali mtu alipoishia: kipande cha kadi ya kupandia ndege, risiti ya kahawa ya uwanja wa ndege, jani la mkaratusi lililokauka. Riwaya moja nene ya Kimarekani ina alama tatu, kwenye ukurasa wa 41, wa 63 na wa 188. Wasafiri watatu waliibeba kutoka ng'ambo, na hakuna ushahidi kwamba hata mmoja wao alifika mwisho. Mimi niliishia wa 97. Tungekutana wanne tungekuwa na mengi ya kuzungumza, na sioni kwa nini mazungumzo hayo yangekuwa ya uongo.

Mwandishi wa Kifaransa Daniel Pennac alitoa mwaka 1992 kitabu kidogo kiitwacho Comme un roman, ambamo anaorodhesha haki kumi za msomaji. Haki ya kutosoma imo. Ya kuruka kurasa imo, ya kutomaliza imo, ya kusoma popote imo. Jiko langu limehalalishwa. Watu wanaonitetea huwa wananitajia orodha hiyo, nami nawashukuru, ila wanasahau haki ya mwisho. Ya kumi ni haki ya kunyamaza. Pennac anamlinda msomaji aliye peke yake na kitabu chake, asiyetaka kuhojiwa na mtu. Anayenyamaza anazo zote kumi. Anayefungua mdomo mbele ya watu ameshaiacha ya kumi mezani, na sidhani kwamba zile tisa zinabaki kwake kama zilivyokuwa.

Miaka kumi na mitano baadaye, 2007, Mfaransa mwingine, Pierre Bayard, profesa wa fasihi, aliandika kitabu kizima kuhusu namna ya kuzungumzia vitabu ambavyo hujavisoma. Wengi wanakichukulia kama mzaha au kama ruhusa ya kudanganya. Ni mzaha, kwa kiasi. Lakini humo ndani alifanya jambo ambalo sijaona mhakiki mwingine akilifanya: kila kitabu anachokitaja amekiwekea alama fupi kueleza anakijua kwa kiwango gani. Hiki sikijui. Hiki nimekipitia juu juu. Hiki nimekisikia kwa watu. Hiki nilikisoma nikakisahau. Alama ya "nimekisoma" haimo kabisa. Nilicheka, kisha nikaona kwamba profesa huyu mtundu ndiye pekee aliyeniambia amesimama wapi.

Madereva wetu wanayajua haya bila Ufaransa. Ndani ya kreta wanaongea kwa redio za magari, na faru ndiye mnyama anayetafutwa na kila mtu kwa sababu ni wachache. Dereva akisema faru yuko upande wa msitu wa Lerai, swali linalofuata si kubwa wala dogo, dume au jike. Ni: umemwona mwenyewe? Akijibu kwamba ameambiwa, au kwamba ameona kitu cheusi kwa darubini kikiwa kimelala, wenzake hawamkemei. Kila mmoja anaamua kama ageuze gari au la. Anayevunja imani ni yule anayesema "yupo" kwa sauti ileile ya aliyemwona. Nilimuuliza dereva mmoja mkongwe kwa nini jambo dogo hivyo linawaudhi. "Dada, ukisema yupo, magari ishirini yanageuka," aliniambia. "Na kila gari lina watu waliolipia siku moja tu."

Namna hii ya kusema "yupo" kwa habari ya kuambiwa imejaa kwenye vitabu. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa sababu za maadili, miongoni mwake ule mfululizo wa Jeff Kinney wa Diary of a Wimpy Kid. Kwa wiki nzima, saluni na kwenye vihiace, nilisikia hukumu kali za vitabu hivyo na utetezi mkali vilevile, na nikawa nauliza pande zote mbili nani amekifungua hata kimoja. Nilipata mmoja, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Siwacheki. Mzazi ana haki ya kuogopa kabla hajasoma. Hofu yake si uhakiki. Lakini wapo waliosimulia yaliyomo kwa undani wa mtu aliyekesha nacho, na hao ndio nawazungumzia. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, nayo ilifungiwa mashuleni kisha ikaja kuwa kitabu cha sekondari. Hadi leo nakutana na watu wanaojua kwa uhakika ni chafu kiasi gani na hawajui inaishaje.

Hapa itabidi nikubali kitu ambacho wanaonitetea hawatakipenda. Haki ya kuishia njiani haiko sawa kwa kila kitabu.

Juu ya ukingo wa kreta, kando ya barabara, kuna kaburi la mawe la Michael Grzimek, aliyekufa Januari 1959 ndege yake ndogo ilipoanguka. Baba yake, Bernhard, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alikuja kuzikwa hapohapo baada ya kufariki 1987. Kitabu chao, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, kilitoka mwaka uleule wa 1959, na filamu yake ikapata Oscar. Wageni wa Kijerumani wanakuja nacho mpaka leo. Kwenye rafu yetu zipo nakala mbili za Kijerumani na moja ya Kiingereza. Huku kwetu jina hilo linatajwa kwa namna mbili. Kwa watu wa utalii ni jina la wokovu. Kwa watu wengine, hasa Wamaasai niliosoma nao, ni jina la mzungu aliyewaambia walimwengu kwamba ng'ombe na wafugaji hawana nafasi nyikani. Pande zote mbili, kadiri nilivyouliza, zimesikia.

Watazamaji waliniomba nikizungumzie. Nilikaa nacho miezi miwili, nakala ya Kiingereza, na sikuruka hata mlima mmoja. Ningeweza kuishia katikati, pale baba na mwana wanapohesabu wanyama wakiwa angani na ndege yao iliyopakwa milia ya pundamilia, nikasema ni kitabu cha kupendeza cha watu jasiri, na nisingekuwa nimesema uongo. Ningeweza pia kusoma zile kurasa chache tu ambazo wenye hasira huzitaja, ambamo anashikilia kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na binadamu hata wenyeji, nikasema ni kitabu cha dhuluma, na hapo vilevile nisingekuwa nimesema uongo. Vyote viwili vimo. Mwaka uleule Ngorongoro ilitengwa na Serengeti ikawa eneo ambamo wafugaji wangeendelea kuishi pamoja na wanyama, jambo ambalo Grzimek hakulipenda. Na tangu 2022 familia kutoka humo zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari, na wapo wanaolikataa neno hilo. Kitabu ambacho maneno yake bado yanatembea kwenye maisha ya watu waliohai, anayekishtaki au kukitetea hadharani hawezi kuja na alama ya ukurasa wa 63. Hata akiitaja. Hapo mzee wangu wa mlangoni ameshinda, nami nilimwambia.

Riwaya ni kitu kingine. Riwaya inatuomba muda wetu, na kila ukurasa ina nafasi mpya ya kutushawishi tuendelee. Ikishindwa ukurasa wa 58, kushindwa huko ni habari.

Nasema 58 kwa sababu maalumu. Mwaka jana kijana mmoja kutoka Mbulu alichapisha riwaya yake kwa fedha zake, kurasa 212, akaacha nakala tano kwenye steshenari iliyo jirani na stendi ya Karatu. Nilinunua moja, shilingi 10,000. Niliishia ukurasa wa 58. Jumapili ile nilisema hivyohivyo: nimenunua, nimesoma mpaka hapa, sijui kinachotokea baadaye, anaandika mazungumzo ya wazee vizuri kuliko watu wengi waliosifiwa, na mhusika wake mkuu amenichosha kwa sababu kila jambo linamtokea na yeye halifanyi lolote.

Sijawahi kusemwa kama nilivyosemwa wiki ile. Kijana kajitutumua, unamvunja. Ungesoma ukamaliza, ni kurasa 212 tu. Mzee akaandika kwa upole: kwa wenzetu wanaoanza, ungekaa kimya. Walikuwa wakimlinda mtu dhaifu, na mimi siwezi kuwadharau watu wanaofanya hivyo. Nimeona karatasi ya zamu ikipoteza jina.

Kunyamaza lakini si kitu kitupu kama wanavyodhani. Walioniuliza "vipi kile cha kijana wa Mbulu?" walikuwa wengi, na wanaonifuata kwa muda wanajua kwamba kitabu nisichokitaja nimekitupa. Ningenyamaza, wangesikia jambo baya zaidi kuliko nililosema, tena bila ukurasa, bila sababu na bila ile sifa ya mazungumzo ya wazee. Kusifia kungekuwa rahisi. Ila pale kazini kuna dada anayesafisha vyumba ambaye amenunua vitabu sita kwa neno langu. "Ukisema kizuri nanunua," huniambia, na elfu kumi kwake si pesa ya kuchezea. Kila ninapotaka kuwa mwema kwa mwandishi, uso unaonijia ni wake. Wema wangu angeulipia yeye.

Na kumaliza? Ningeweza kujilazimisha. Lakini hukumu ya mtu aliyemaliza kitabu kwa kinyongo ili apate haki ya kukihukumu huwa kali kuliko kitabu kinavyostahili. Anakidai kitabu muda wake urudi. Nimeona hilo kwa wageni waliolipia siku tatu wakataka kuondoka baada ya moja.

Mwandishi mwenyewe alinipigia simu, kisha Jumamosi moja akaja, kwa basi dogo, njia ile ya vumbi kutoka Mbulu. Ni mdogo kuliko nilivyofikiri. "Shikamoo dada." Tulikaa hotelini karibu na stendi. Aliomba kukiona kitabu changu, nikampa. Hakuangalia niliyoandika pembeni. Alifungua moja kwa moja ukurasa wa 58, akausoma wote taratibu, kidole kikifuata mistari, kama mtu anayekagua mahali gari lilipoacha barabara.

"Ukurasa wa 60 baba yake anarudi," alisema. "Hapo ndipo anaanza kufanya mambo. Ungefunua karatasi moja tu, dada."

Nikamwambia kwamba namwamini. Nikamwambia pia kwamba mimi sikujua, na kwamba kurasa 58 hazikunipa sababu ya kukisia. Alinyamaza muda mrefu. Aliniuliza kama wengine niliowasikia nao waliishia hapo. Nikasema mmoja aliishia 30, mmoja amekimaliza na amekipenda sana. Akayaandika yote mawili kwenye simu yake.

Hakuniomba nikimalize, nami sikumwahidi. Aliuliza kama nitasema Jumapili kwamba amekuja kuniona. Nikamjibu kwamba nitasema akipenda.

"Sema," akasema. "Lakini sema na hili, kwamba sikukushawishi kitu."

Chai na chapati alilipa yeye, alikataa katakata nisitoe hela. Jumapili nililisema na hilo.